Msuli ukikaza, ni nini hasa kinachofupika?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa utabibu hapa Morogoro. Kitabu chetu kinasema msuli husinyaa unapofanya kazi, lakini picha iliyo chini ya maelezo hayo inaonyesha msuli wenye mistari: ukanda A, ule mweusi, umebaki na urefu uleule, ukanda I, ule mweupe, ndio umepungua. Kama msuli unasinyaa, mbona sehemu nyingine hazisinyai? Halafu mistari yenyewe sijawahi kuiona, si kwenye nyama ya buchani wala kwenye hadubini ya chuo. Nimeanza kudhani ni michoro tu."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na nitaanza na la pili, maana asiyeamini kwamba mistari ipo hana sababu ya kusikiliza inafanya kazi gani.

Mistari ipo. Chukua kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikaiva hasa, ile inayochambuka kwa vidole. Vuta uzi mmoja. Huo unaouona kwa macho bado si seli. Ni fungu la seli nyingi zilizofungwa pamoja kwa tando nyembamba, tando ambazo moto umeziyeyusha zikawa ule utelezi wa mchuzi. Ndiyo maana nyama mbichi inakushinda kuchambua na iliyoiva inakubali. Weka uzi wako kwenye kioo cha hadubini, juu ya tone la maji, uuchambue tena kwa ncha za sindano mbili. Endelea mpaka kibaki kitu ambacho hukioni vizuri bila kukiinamisha kioo kuelekea dirishani. Hapo sasa umeifikia seli moja, yaani uzi wa msuli. Unene wake ni kati ya mikromita 10 na 100 (mikromita elfu moja ni milimita moja), karibu na unywele kwa zile nene kabisa, lakini urefu unaweza kufika sentimita kadhaa. Seli ndefu namna hiyo haijiwezi kwa kiini kimoja. Ina viini vingi mno, vyote vimesukumwa pembeni chini ya utando wa nje, kwa sababu ilipokuwa ikiumbwa tumboni mwa mama seli nyingi ndogo ziliungana zikawa moja.

Funika kwa kifuniko cha kioo, tafuta uzi kwa lenzi ndogo, kisha panda hadi lenzi ya 40. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaifungua taa yote. Mwanga mwingi unafuta mistari kabisa. Kibane kile kilango cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini mpaka kikaribie kufunga, halafu zungusha kirekebishi kidogo taratibu, mbele na nyuma. Ghafla utaona uzi umejichora pete nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, kama mkia wa kanu. Ukiwa na tone la metilini bluu, pete zitajitokeza vizuri zaidi, lakini hata bila rangi zinaonekana.

Sasa kwa nini chuoni hukuziona? Nakisia mlipewa kioo kilichokatwa kwa kukingama. Nyama ikikatwa hivyo, kila uzi unaonekana kama duara lenye vidoadoa, na mistari hutaipata hata ukae siku nzima. Nasema hivi kwa uzoefu wa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliwapa wanafunzi kumi na wawili vioo vya namna hiyo, nikawaambia wachore kanda za A na I. Walichora, wote kumi na wawili, michoro safi kabisa. Waliinakili kutoka kitabuni, kwa sababu kwenye vioo vyao hakikuwapo kitu cha kuchora. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo mwanafunzi akiniambia "sioni", natazama kioo chake kabla sijamtazama yeye. Kwa hiyo muulize fundi wa maabara akupe kioo kilichokatwa kufuata urefu wa nyuzi.

Mistari hii imeonekana zamani sana. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft kule Uholanzi aliyejisagia lenzi zake mwenyewe, aliieleza mwaka 1682. William Bowman wa London aliichambua kwa kina mwaka 1840. Herufi zinazowatesa wanafunzi zilikuja baadaye, nyingi kutoka kwa Wajerumani: Z ni ya Zwischenscheibe, kisahani cha baina, na M ni ya Mittel, katikati. A na I zinahusu mwanga. Ukitumia vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, ukanda mweusi unang'aa kwa sababu hauupitishi mwanga kwa namna moja pande zote, ndiyo anisotropiki. Ule mweupe hauna tabia hiyo, kwa hiyo ni isotropiki. Ukishajua hilo, huna haja ya kukariri.

Tuingie ndani. Uzi mmoja wa msuli umejaa vijiti virefu viitwavyo miofibrili, kila kimoja kikiwa na unene wa mikromita moja au mbili, navyo huwa mamia hadi maelfu ndani ya seli moja. Kila miofibrili imegawanyika vipande vipande mfululizo, na kipande kimoja, kutoka mstari Z hadi mstari Z unaofuata, ndicho sakomia. Miofibrili zote zimepangwa bega kwa bega, Z ya hii ikielekeana na Z ya jirani, kama mistari ya shanga iliyotungwa na mtu mmoja kwa mpango mmoja. Bila mpangilio huo usingeona pete yoyote. Kila miofibrili ingekuwa na mistari yake na seli nzima ingeonekana ukungu mtupu.

Ndani ya sakomia kuna nyuzi za aina mbili. Nene ni za protini iitwayo miosini, nazo zimekaa katikati. Nyembamba ni za protini nyingine, aktini. Zimeshikizwa kwenye mistari Z ya pande zote mbili na zinaelekea katikati, ila hazikutani. Ukizikata kwa kukingama na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni, kila uzi mnene umezungukwa na nyembamba sita, kwa mpangilio unaokaribiana na wa masega ya nyuki.

Hapa ndipo lilipo jibu lako la kwanza. Ukanda A si kitu kinachojitegemea. Ni urefu wa nyuzi nene, basi. Ukanda I ni ile sehemu ya nyuzi nyembamba ambayo nyuzi nene hazijaifikia. Na lile eneo jepesi katikati ya A, liitwalo H, ni sehemu ya nyuzi nene ambayo nyembamba hazijaifikia. Pitanisha vidole vya mkono wa kulia na vya kushoto, kisha sukuma viganja vikaribiane. Hakuna kidole kilichofupika. Kilichopungua ni ule uwazi kati ya ncha za vidole na kiganja cha pili.

Kwa hesabu inakuwa hivi. Nitumie vipimo vya chura, mnyama aliyepimwa sana katika kazi hii. Uzi mnene una mikromita 1.6, na mwembamba mmoja kama mikromita 1 toka Z. Sakomia iliyotulia ikiwa na urefu wa 2.4, ukanda A ni 1.6, kwa hiyo I ni 0.8, nusu upande huu wa A na nusu upande ule. Eneo H ni 2.4 ukitoa nyembamba mbili, yaani 0.4. Sasa msuli ukaze, sakomia ifike 2.0. A bado ni 1.6. I imebaki 0.4. H ni sifuri. Nyembamba zimekutana katikati. Mchoraji wa kitabu chako hakukosea kitu. Aliyekosea ni aliyeandika neno lililo juu ya picha, na nitalirudia neno hilo.

Haya hayakujulikana mpaka 1954. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba ndani ya msuli kuna molekuli ndefu zinazojikunja zenyewe, kama unywele ukikaribia moto. Kisha tarehe 22 Mei 1954 jarida la Nature likatoa makala mbili katika toleo moja. Ya kwanza ni ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, waliofanya kazi Cambridge, Uingereza, kwa nyuzi hai za chura na hadubini ambayo Andrew aliibuni mwenyewe. Ya pili ni ya Hugh Huxley na Jean Hanson, waliokuwa Marekani wakitumia miofibrili zilizotolewa kwenye msuli wa sungura. Huxley hao wawili hawakuwa ndugu, na wamewachanganya wanafunzi tangu wakati huo. Makundi yote mawili yaliona jambo lilelile unaloliona kwenye picha yako: ukanda A haubadiliki. Ukanda usiobadilika wakati msuli mzima umefupika ulitosha kuiweka pembeni nadharia ya kujikunja. Kwa hiyo swali lako si la kitoto. Ndilo lililofungua mlango.

Lakini kuteleza tu hakutoshi. Kitu gani kinavuta? Nimekulia Pangani, na kila nikifika hapa picha inayonijia ni ya wavuta juya, ule wavu mrefu wa kukokotwa ufukweni. Siku hizi limepigwa marufuku kwa jinsi linavyokomba hata vifaranga vya samaki, ila sisi tulilikuta. Watu wamejipanga ufukweni wameshika kamba, wanarudi nyuma hatua kwa hatua. Wa mwisho akifika kwenye minazi anaiachia, anashuka mbio hadi kwenye maji, anaishika upya mbele ya wenzake. Hakuna dakika ambayo wote wameiachia, kwa sababu wakiiachia bahari inachukua chake. Kamba haifupiki hata shubiri moja, na juya linafika nchi kavu.

Kila uzi mnene una molekuli 300 hivi za miosini, na kila molekuli ina vichwa viwili vilivyochomoza pembeni. Vichwa ndivyo wavutaji. Kimoja kinashika aktini, kinainama na kuivuta nanomita 5 hadi 10 hivi (nanomita elfu moja ni mikromita moja), kinaachia, kinajinyoosha, kinashika mbele zaidi. Vingine vinafanya vivyo hivyo kwa zamu zao, bila kupatana. Mfano wa juya una kasoro moja: vichwa havitembei, vimeota palepale. Na kuna timu mbili zilizopeana migongo. Vichwa vya nusu ya kulia vinavuta kuelekea katikati, vya kushoto vivyo hivyo, ndipo Z mbili zikasogeleana. Katikati kabisa, penye mstari M, uzi mnene hauna vichwa kabisa, na hilo ndilo eneo ambalo timu hizo zinatengana.

Nanomita 10 ni kitu gani mbele ya mkono unaonyanyua mtoto? Peke yake si kitu. Ila chukua uzi wa msuli wa sentimita 12. Kwa sakomia za mikromita 2.4, zimo 50,000 zilizounganishwa mkia kwa kichwa. Kila moja ikipungua mikromita 0.4, uzi mzima umepungua sentimita 2, na zote zimefanya hivyo kwa wakati mmoja. Sentimita 2 karibu na kiwiko zinatosha kuuinua mkono wenye kikombe kuelekea mdomoni, maana mfupa unakuza mwendo.

Narudi kwenye neno. "Kusinyaa" ni neno la nyanya iliyokaa juani na ngozi ya mzee. Kitu kilichosinyaa kimepoteza maji na ukubwa. Msuli haupotezi chochote: unapofupika unanenepa, na ujazo wake unabaki karibu uleule. "Kujikunja" nalo ni lile wazo la kabla ya 1954 limerudi kwa mlango wa nyuma. Ilhali lugha yetu ina neno ambalo watoto wa mtaani wanalitumia bila kufundishwa: kaza! Kaza msuli, kaza mkono. Na kukaza hakusemi chochote kuhusu kufupika. Shika ndoo yenye maji huku kiwiko umekikunja, simama hivyohivyo dakika mbili. Mkono hausogei hata kidogo, lakini msuli umekaza mpaka unatetemeka. Vichwa vya miosini vinashika, vinavuta na kuachia bila kukoma, ila Z haziendi kokote.

Kuna hali ya tatu ambayo vitabu vingi huipita haraka: msuli unaokaza huku ukirefuka. Waulize wapagazi wa Kilimanjaro. Wageni wanaogopa kupanda, kumbe maumivu ya mapaja yanayowafanya washuke ngazi za hoteli kinyumenyume siku ya pili yanatokana na kuteremka. Kila hatua ya kushuka, msuli wa mbele ya paja unakaza ili goti lisikunjike ghafla, na wakati huohuo uzito wa mwili unaurefusha kwa nguvu. Nyuzi nyembamba zinachomolewa kutoka kati ya nene wakati vichwa bado vimeshika. Baadhi ya sakomia zinapita kiasi, na ukitazama kipande cha msuli huo kwa hadubini ya elektroni utakuta mistari Z iliyokuwa imenyooka sasa imepinda na kumeguka. Maumivu hayo hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Asidi ya laktiki, ambayo kila kocha anaisingizia, hutoka kwenye msuli ndani ya saa moja au mbili hivi, muda mrefu kabla maumivu hayajafika huko. Kinachozuia sakomia isiachane kabisa ni protini ya tatu, titini, kubwa kuliko protini zote za mwili wa binadamu. Imetandwa kutoka Z hadi M kama springi, na ndiyo inayouweka uzi mnene katikati.

Nani anawaamuru vichwa waanze? Nitapita haraka, kwa sababu hili limeelezwa vizuri kitabuni mwako. Juu ya aktini kumelala uzi wa tropomiosini unaofunika mahali pa kushikia kama pazia, ukisimamiwa na troponini; zote mbili ni protini. Ishara ya neva inatambaa juu ya utando wa seli na kuzama ndani kwa mirija iliyo kwenye mpaka wa A na I. Mifuko iliyo kando ya mirija inamwaga kalsiamu, kalsiamu inakamata troponini, pazia linasogea. Kalsiamu ikirudishwa mifukoni, pazia linafunga. Setsuro Ebashi wa Japani ndiye aliyeifichua troponini miaka ya 1960, na wakati huo wengi walicheka wazo kwamba madini sahili hivyo yanaweza kutawala kazi nzito kama hii.

Jambo ambalo wanafunzi hulielewa kichwa chini miguu juu ni ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Wanadhani ATP inahitajika ili kichwa kishike. Hapana. Kichwa kinaweza kushika bila ATP. Kinachoshindikana ni kuachia. Kila kichwa kinahitaji ATP mpya ili kijinasue. Ushahidi unaujua kutoka nyumbani. Mbuzi akichinjwa asubuhi, nyama yake kwanza inalegea, hata inachezacheza kwenye ndoano. Saa chache baadaye imekakamaa, mguu haukunjiki. ATP imekwisha, kalsiamu imevuja, vichwa vimeshika na hakuna wa kuviachisha. Nyama ikipikwa katika hali hiyo ndiyo ile inayomaliza mkaa. Ikiachwa, vimeng'enya vya msuli wenyewe vinaanza kukata protini zilizo karibu na mistari Z, na inalainika. Vichwa vingi bado vimeng'ang'ania; kilichokatika ni mahali pengine.

Na anayeitia nyama ya motomoto, iliyotoka kuchinjwa, kwenye friji kali ili isiharibike anajiletea mkosi mwingine. ATP bado ipo, baridi inaivuruga mifuko ya kalsiamu, na nyama ambayo haijashikwa na mfupa inakaza na kufupika humohumo ndani ya friji. Ichemshe kesho yake, uichambue kwenye kioo, ulinganishe na ya jana. Pete zitakuwa zimebanana, nyeusi zikikaribia kugusana. Nyeusi zenyewe upana wao ni uleule.

Kuhusu mtihani, andika "kusinyaa" kama ndilo neno la mwalimu wako. Mtahini mwenye karatasi mia mbili hana nafasi ya kubishana na wewe. Ila swali la ukanda A likija, chora sakomia mbili, moja chini ya nyingine, kwa kipimo kimoja: ya juu 2.4, ya chini 2.0, na A ya 1.6 kwenye zote mbili. Andika namba juu ya michoro.

Na kioo chako cha nyama kikianza kukauka usikifunue. Dondosha maji pembeni mwa kifuniko, yatajivuta yenyewe mpaka chini.